Kura ya Mahindi na Maharage

Mjukuu wangu alipohamia kwangu hapa Ipuli ili awe karibu na shule, nikasema nimepata mtu wa kunichotea maji. Kumbe nimepata mtu wa kunisomea Amerika.

Yuko kidato cha tano, anachukua Historia. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nusu, maana mvua zilipoanza baba alinihitaji shambani kuliko mwalimu alivyonihitaji darasani. Lakini kusikiliza nimesoma mpaka juu kabisa. Basi kila Jumamosi asubuhi mimi nakaa barazani na ungo wangu nachambua maharage, yeye anakaa kizingitini na daftari, anasoma Kiingereza kwa sauti kama redio iliyochoka betri. Namwachia kidogo, halafu namwambia, "Mke mwenzangu, hicho Kiingereza kampe mwalimu. Mimi nipe Kiswahili." Namwita mke mwenzangu kwa sababu marehemu babu yake alikuwa akimwita mchumba tangu yuko mgongoni.

"Bibi, hili somo gumu," akaniambia siku ya kwanza. "Mwalimu anataka tuandike serikali, dini na maisha ya kila siku kwenye makoloni ya Amerika. Mimi siyaoni hayo maisha. Nakariri tu."

"We soma. Nitayaona mimi."

Jamani, siku ile nilicheka! Ananiambia walikuwepo Waingereza wacha Mungu, wanaitwa Wapuritani. Wakagombana na kanisa la mfalme wao, wakapanda meli wakaenda Amerika wakasali wanavyotaka. Sawa. Wakafika, wakajenga nyumba moja katikati ya kijiji. Jumapili wanasali humo, siku nyingine wanafanya mkutano wa kijiji humohumo: nani atengeneze barabara, ng'ombe wa nani kaingia shamba la nani. Mhubiri anahubiri saa mbili, tatu. Kaweka pale mbele chupa ya mchanga unaotiririka, ukiisha anaigeuza, anaendelea. Krismasi hawataki hata kuisikia, wanasema ni ya anasa. Na kukaa si popote tu. Kila mtu kapangiwa benchi kwa heshima yake, wakubwa mbele, wadogo nyuma. Halafu yupo mzee mmoja anazunguka na fimbo ndefu. Upande mmoja ina kifundo cha kugongea vijana. Upande wa pili imefungwa mkia wa mbweha.

"Mkia wa nini?"

"Wa mbweha, bibi. Mwanamke akisinzia anatekenywa nao usoni."

Nikaweka ungo chini. "Mke mwenzangu, hao watu nawajua. Nimekulia nao."

Na kweli nimekulia nao. Nilipokuwa mtoto, Mwingereza bado yuko nchini, kijiji chetu kilikuwa kimelizunguka kanisa kama vifaranga na mama yao. Kengele ikilia mnaamka, kengele ikilia mnakwenda shambani, kengele ikilia mnasali. Wanaume kushoto, wanawake kulia, watoto chini sakafuni. Mzee wetu wa zamu hakuwa na mkia wa mbweha, alikuwa na mwanzi, na usoni hakulenga. Mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji aliyewekwa na mtemi, alikaa benchi la kwanza, na baraka ikishatolewa tu anasimama palepale anatangaza zamu ya kufyeka barabara. Amina na jembe vilitoka mdomo mmoja. Sisi watoto tulidhani kufyeka barabara kumeandikwa kwenye Biblia.

"Na mtu akikosa," mjukuu akaendelea, "anasimama mbele ya kanisa zima, anasema kosa lake, ndiyo anasamehewa."

"Hilo nalo ni la Amerika?"

"Limeandikwa hapa."

"Basi lifute uandike jirani yetu."

Huyu jirani ninayemsema, ukuta wake na wangu ni mmoja. Kuku wake wanataga kwangu, na mayai mimi sirudishi yote, anajua. Mumewe alifariki miaka mingi, watoto wake wa kiume wako Nzega huko kwenye dhahabu, wakija wanakuja na salamu. Ana shamba lake Ntalikwa, shamba zuri, lakini ni kubwa kwa mikono miwili ya mwanamke mzima. Sasa msimu mmoja akafanya walivyofanya mama zetu: akapika pombe ya mtama mitungi miwili, akawaita watu. Watu wakaja na majembe yao wakiimba, jua halijafika utosini shamba lote limelimwa, wakakaa kivulini wakanywa, wakaenda zao. Ndivyo mashamba ya Unyamwezi yalivyolimwa tangu enzi za misafara. Babu yangu mwenyewe alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, na akirudi nyumbani analimiwa hivyohivyo.

Lakini kanisa letu pombe halitaki. Kunywa hutakiwi, kupika ndiyo kabisa. Habari ikafika kwa wazee wa kanisa, wakamwita. Wakamwambia, simama Jumapili useme mambo mawili: umekosa, na hutarudia.

Akasema, "La kwanza nitasema. La pili siwezi, maana mvua zitarudi."

Basi! Akapelekwa benchi la nyuma, lile la mlangoni. Ukikaa pale umetengwa. Meza ya Bwana hushiriki, kwaya huimbi. Tena yeye ndiye alikuwa na sauti ya pili yenyewe, sauti ya kutikisa bati. Akawa anaimbia hukohuko nyuma, na kwaya nzima ikawa inamfuata yeye inamwacha mwalimu wa kwaya anapunga mikono peke yake. Misimu mitatu akakaa pale. Nikimwambia, "Mwenzangu, si useme tu, Mungu anajua," ananijibu, "Kwa kuwa anajua, ndiyo maana sisemi."

Masika iliyopita akaugua. Homa ilimchukua siku sita, nikawa namnywesha uji kwa kijiko. Siku ya nne akanishika mkono, mkono wa moto kama chungu jikoni. "Mwenzangu, nikifa leo nani ataniimbia?"

Nikamwongeza kijiko cha uji. Aliyetengwa akifa kwetu, kengele hailii. Mchungaji haji na joho. Kwaya haiji kuimba. Unazikwa na majirani kimyakimya kama umeiba, na sisi wazee kitu hicho kinatutisha kuliko kufa kwenyewe. Akapona, namshukuru Mungu, lakini lile swali halikupona. Kila nikisikia kengele nalikumbuka.

Sasa mchungaji tuliye naye ni kijana, mgeni kwetu, ana mwaka mmoja. Akawaambia wazee wamrudishe mama wa watu. Wazee wakagawanyika nusu kwa nusu. Mwisho mchungaji akatangaza: "Wazee wameshindwa. Jumapili ijayo akina mama watabaki baada ya ibada, watasema wao kama wanampokea mwenzao au hawampokei. Wakimpokea, arudi."

Nilitaka kupiga kigelegele palepale. Lakini mkubwa wa wazee akasimama. "Vizuri sana," akasema. "Anayemtaka atanyoosha mkono, tumwone."

Hilo neno, tumwone, lilitufanya tuangalie miguu yetu.

Maana huyo mzee si mzee wa kanisa tu. Ndiye mwenyekiti wetu wa mtaa. Mtoto amepata chuo, barua ya mwenyekiti. Unataka kitambulisho, barua ya mwenyekiti. Umegombana na jirani kwa mpaka, kwa mwenyekiti. Ukitaka kubatiza, ni yeye. Muhuri uko mfuko wa kushoto, kitabu cha nyimbo mfuko wa kulia, koti ni lilelile. Na mimi simwogopi, kwa sababu ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Nimempikia ugali tangu hana ndevu. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyenyooka, ila amenyooka kama mpini: hakunji. Mimi simwogopi, lakini mama anayesubiri barua ya mwanawe atanyooshaje mkono?

Nikarudi nyumbani nimenuna. Jumamosi ikafika, ungo wangu, daftari lake, na mimi hata Amerika siitaki. Mjukuu akasoma akasoma, halafu akacheka peke yake.

"Bibi, sikia hii. Hawa watu walipokuwa wanachagua viongozi wao, kuna koloni walipiga kura kwa nafaka. Ukimtaka mtu unatia punje ya mahindi. Humtaki, unatia haragwe. Ukifanya udanganyifu unaadhibiwa."

Mkono wangu ukasimama kwenye ungo. "Rudia."

Akarudia.

"Na mtu haonekani ametia nini?"

"Haonekani. Si iko mkononi?"

"Na wanawake wao walitia nini?"

"Wanawake hawakupiga kura, bibi. Ni wanaume tu, tena wale walio washirika wa kanisa."

"Ehe! Mahindi wapike wao, kura wapige waume zao. Na wenyeji wenye nchi yao?"

Akatafuta kwenye daftari, akageuza karatasi, akarudi. "Wenyeji ndio waliowafundisha wageni kupanda mahindi, wanachanganya na maharage shamba moja. Mahindi yalianzia hukohuko Amerika. Hata haya yetu."

"Hata haya?"

"Hata haya, bibi."

Nikayaangalia mahindi yangu kwenye gunia. Mgeni wangu wa miaka yote, sikujua katokea wapi. Nikamuuliza, "Na hao waliofundisha wenzao kulima, walipewa punje ngapi za kupigia kura?"

"Hawakupewa."

"Basi andika na hilo. Mwalimu akilikata, mwambie aje kwangu."

Nilivaa kanga ya kutokea, nikaenda kwa mchungaji mchana uleule. Nikamweleza yote, Wapuritani, chupa ya mchanga, mkia wa mbweha. Mchungaji akacheka mpaka akavua miwani. Akasema sawa, tujaribu. Shemeji naye akaitwa. Akaja na koti lake.

"Shemeji," akaniambia, "umeanza lini kusoma vitabu?"

"Sijaanza. Nasomewa, kama mfalme."

"Na umeona tujifunze dini kwa Wazungu wa Amerika?"

"Kwani hii yetu uliiokota Ipuli? Tena hao walikuwa wakali kuliko wewe. Krismasi hawali pilau. Ila nikwambie kitu kimoja, shemeji: pombe walikunywa. Asubuhi, mchana na jioni, na watoto wao. Mjukuu wako kaniambia, imo kwenye daftari."

Akafikiri. "Ndiyo maana walifukuzwa kwao."

Hapo alinishinda, nilicheka. Lakini akakubali. Alikubali kwa sababu alikuwa na uhakika atashinda, na mimi nilikubali kwa sababu hiyohiyo.

Sasa kosa nililofanya mimi. Kesho yake, Jumapili asubuhi na mapema, kabla ya kengele, nikampa mjukuu simu awaandikie akina mama kwenye kundi lao, na wale wanaokaa kule mashambani Ntalikwa wasio na simu akawapigia watoto wao. Nikamwambia aseme hivi: kila mama aje na mahindi na maharage, mahindi ni kumpokea, maharage ni kumkataa. Punje moja, hilo nilikuwa nalijua mimi, likabaki kichwani mwangu. Sikulisema. Wala sikufikiri kama kuna haja.

Ibada ikaisha, wanaume wakatoka, tukabaki akina mama kama thelathini, mchungaji na shemeji. Jirani yangu alitolewa nje akakaa kwenye ngazi, nilimwona kisogo chake tu mlangoni, kitambaa cheupe amefunga kama siku ya kipaimara. Kwenye kile chumba kidogo cha mchungaji tuliweka chungu changu cha makande, nimekifunika kanga. Unaingia peke yako, unapitisha mkono chini ya kanga, unatoka. Mimi nilisimama mlangoni mwa chumba hicho kupanga foleni.

Watatu wa kwanza waliingia na kutoka chapuchapu. Wa nne akaingia bibi wa Ntalikwa, mkubwa kuliko sisi wote, anatembelea fimbo. Akakaa humo. Nikasikia sauti kama mvua inapoanza kwenye bati. Nikajiambia, labda amedondosha. Akatoka anafunga fundo la kanga yake, limenywea. Akaingia mwingine. Mvua tena.

Nikaanza kuelewa. Lakini foleni imeshaanza, na ile ni kura, unamzuiaje mtu?

Mchungaji alipokwenda kukileta chungu nusura kimponyoke. Akakiweka juu ya meza, akatoa kanga. Chungu kimejaa hadi shingoni.

Wote tukanyoosha shingo.

Shemeji akainama, akaangalia, akaninyooshea kidole. "Shemeji, hii ni kura au ni sadaka ya mavuno? Tuhesabu au tupime kwa debe?"

"Nilisahau kusema punje moja," nikasema.

"Amesahau kusema punje moja! Sasa mwenye shamba kubwa kapiga kura mia, mwenye kibustani kapiga kumi. Huko Amerika yako ndivyo walivyofanya?"

Na alikuwa na haki, ndicho kilichoniuma. Mchungaji akashika kidevu. Shemeji akasema, "Imeharibika. Turudi kwenye mikono." Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akachota konzi kutoka kwenye chungu, akaimwaga kwenye kitambaa cha meza, akaanza kutenga punje za mahindi kwa kidole. Sisi ni wakulima, na yeye ni mkulima kabla hajawa mwenyekiti. Mbegu ya mtu unaijua kama unavyojua mwendo wake. Kura ya siri! Siri gani, na kila mmoja amekuja na punje za kutoka shamba lake?

"Hizi nyeupe ndogo ngumu," akasema taratibu, "ni mbegu ya asili. Hii hakuna mwingine aliye nayo." Akainua macho akaangalia upande wa Ntalikwa. "Na hizi zenye mstari mwekundu…"

Niliona wale akina mama wanavyojikunja. Mmoja, ambaye mwanawe alikuwa anasubiri barua, alishika ncha ya kanga akaiweka mdomoni. Nikajisemea, mimi na Amerika yangu nimewauza wenzangu wote, mmoja mmoja, mezani kwa mwenyekiti. Na mlangoni kile kitambaa cheupe hakikusogea.

Ndipo bibi wa Ntalikwa akapiga fimbo chini.

"Usijichoshe macho, mwanangu. Hizo nyeupe ni zangu."

"Shikamoo, mama," shemeji akasema. Hata akiwa na hasira adabu anayo.

"Marahaba. Zangu. Nimetia mikono miwili, nikakung'uta na kanga. Miaka yote niliyoishi sijawahi kutia punje moja kwenye chungu cha mtu. Punje moja unampa kuku, tena kuku wa jirani, umfukuze. Huyu mwenzenu nilipovunjika nyonga alikuja kwangu akanipalilia bila kuitwa. Leo nimtilie punje moja? Nikionana na mama yangu huko mbele nitamwambia nini?"

Akakaa. Hapo akasimama yule wa mstari mwekundu. "Zenye mstari ni zangu." Akasimama mwingine. "Zile kubwa bapa za kwangu, na kama hazitoshi nimebakiza nusu kibaba." Wengine wakacheka. Yule mwenye barua ya mwanawe akatoa kanga mdomoni akasimama naye, akasema, "Za kwangu zimeliwa na dumuzi kidogo, lakini zimo." Wakawa wanasimama mmoja mmoja kama wanataja mashamba yao, mbele ya macho ya mwenyekiti yaleyale waliyokuwa wanayaogopa. Mikono hakuna aliyenyoosha. Haikuhitajika.

Shemeji aliendelea kutenga, lakini kidole kimepungua kasi. Halafu kikasimama kabisa. Akaokota punje moja, akaiweka kiganjani, akaiangalia kwa karibu, akaiangalia kwa mbali. Ya njano. Njano kama kiini cha yai. Mtaani kwetu mahindi ya njano anayo mtu mmoja tu, mbegu aliletewa na mwanawe, na kila mwaka anatupitisha shambani tuyasifu.

"Haya," akasema, "haya ni ya kwangu."

"Ndiyo, baba," ikatoka sauti ya mkewe benchi la tatu, sauti ya upole kabisa. "Yale ya gunia la mlangoni. Nimetia viganja vyote viwili."

Uwiii! Vigelegele vilivyopigwa hapo, wanaume walirudi mbio kutoka nje wakidhani kuna mtu amejifungua. Mchungaji aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Shemeji alijaribu kukunja uso, uso ukakataa. Akamwangalia mkewe, akaangalia ile punje, akacheka kicheko cha puani kama cha marehemu kaka yake. Sikuwa nimekisikia siku nyingi.

Tulimimina chungu chote mezani tukayaona na maharage. Yalikuwa manne. Manne tu, moja moja. Waliokataa hawakutaka kupoteza chakula. Moja lilikuwa la madoadoa ya zambarau, na mbegu ya madoadoa hayo hapa Ipuli naijua shamba lake, kwa kuwa nilimpa mimi. Shemeji alikuwa anapeleka mkono. Nikalifunika na kiganja changu. "Haya tumeshayaona," nikasema. Mwenye nalo alikuwa ananiangalia. Sikumtaja siku ile, na leo simtaji. Bado tunaazimana kinu.

Shemeji mwenyewe ndiye aliyekwenda mlangoni. "Ingia, mama," akasema.

Akaingia, jirani yangu, akasimama mbele pale. Mchungaji akamuuliza lile la kwanza, umekosa? Akasema nimekosa. Akamuuliza la pili, hutarudia? Na yeye, mtu wa ajabu, baada ya yote hayo, kengele yake iko hapo mbele, kwaya yake iko hapo, akasema, "Mchungaji, mvua zikirudi?"

Nilitaka kumfinya. Kumbe mke wa shemeji ameshasimama. "Mvua zikirudi tutakuja na majembe sisi. Wewe pika makande."

"Nyie?" akauliza.

"Sisi. Misimu yote hii tulikuwa tunakwambia usipike pombe, hatukukwambia nani atalima. Wenye pombe walikuja na jembe, sisi tulikuja na maneno." Akamgeukia mumewe. "Na maksai watakuja."

Shemeji akakohoa. "Maksai wana kazi zao…"

"Watakuja."

"Watakuja," akasema shemeji.

Jirani yangu akatuangalia sote, benchi kwa benchi, kama anahesabu majembe. Halafu akasema, "Basi sitarudia." Na machozi yakamtoka, na mimi yangu, na sauti ya pili ikaanza wimbo bila kuambiwa, bati likatikisika.

Zile kura hatukuzitupa, nani atatupa chakula? Tuliziloweka, kesho yake nikabandika sufuria kubwa uani kwangu, tukapika makande. Maharage manne kwenye mahindi kiasi kile ni aibu, makande gani hayo? Nikachota kwenye ungo wangu nikaongeza maharage ya kutosha. Mjukuu alikula sahani mbili, akaniambia sasa Amerika anaiona vizuri, na insha yake aliandika kurasa nne bila kukariri. Mwalimu aliandika pembeni kwa wino mwekundu: haya umeyatoa wapi? Nikamwambia mwambie kwenye ungo.

Na mvua zilirudi. Tulikwenda Ntalikwa, wakubwa kwa wadogo, na maksai wawili wanene wa mwenyekiti mbele, yeye mwenyewe ameshika plau, koti ametundika mtini na muhuri wake ndani.

Ila nisiwafiche la mwisho. Jumapili yake ya kwanza kurudi, jirani yangu alikaa benchi la pili, pembeni yangu, kitambaa cheupe, kitabu cha nyimbo mkononi. Misimu mitatu alipigania lile benchi. Nyimbo aliimba vizuri. Mchungaji akapanda akaanza kuhubiri, hata somo hajalimaliza, nasikia pembeni yangu koroo… koroo… Amelala. Amelala usingizi wa mtoto, kichwa kimeegemea bega langu, mate yanataka kunidondokea.

Shemeji akageuka akaniangalia. Nikamkumbuka yule mbweha wa Amerika. Nikachukua ncha ya kanga yangu, nikaisokota vizuri mpaka ikawa nyembamba, nikamtekenya nayo sikioni.

"Amina!" akaropoka kwa sauti ya pili, na kanisa zima likaitikia.